Kariakoo ngapi, na watu wangapi ndani ya jina moja

Habari za jioni ndugu zangu, shikamooni wazee wote mliokaa huku mbele, na vijana asanteni sana kwa kuja maana najua foleni ya leo ilivyokuwa. Nyuma huko mnanisikia? Haya, tuanze.

Ukipanda daladala hapa Dar ukamwambia konda Kariakoo, hakuulizi ipi. Ni soko, ni Msimbazi, ni mtaa wa Kongo, ni maduka ya jumla ambako watu wanatoka Lubumbashi na Lusaka na Komoro kuja kufunga mzigo, ni Simba na Yanga, ndo maana mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo hata ikichezwa mbali na Kariakoo. Sasa panda boti uende Unguja, sema Kariakoo kwa mtoto yeyote wa pale mjini, yeye anawaza pembea na sikukuu ya Idi, kile kiwanja cha kufurahishia watoto. Halafu nenda Nairobi, wenyewe wanaandika Kariokor, pale jirani na Ngara na Pumwani, kuna soko la vyondo na nyama choma, na kuna makaburi ya Waislamu yanayojulikana mji mzima. Nimeshasikia watu wanabishana kabisa, mara Wakenya wametuiga, mara sisi ndo tumewaiga wao. Hakuna aliyemuiga mwenzake. Jina hili lilifika sehemu zote hizi kwa njia moja, na njia yenyewe ilikuwa ya mguu, mzigo kichwani.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika kwetu, Agosti 1914, Waingereza walianzisha kikosi cha wapagazi, chenyewe kiliitwa Carrier Corps, bosi wake akiwa Oscar Watkins, ofisi yao Nairobi. Watu wetu wakalitamka hilo jina kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Pale Nairobi palikuwa na kambi yao. Hapa Dar Waingereza waliingia Septemba 1916, wakakuta Wajerumani wameacha jengo kubwa walilotaka liwe la shughuli za serikali yao, wakaliweka chini ya jeshi na wapagazi wakakusanywa hapo. Kwa hiyo ukiona Kariakoo kwenye ramani ya Afrika Mashariki jua kabisa ni alama ya hao watu. Baadaye kambi ikageuka soko, na soko tunalolijua sisi, lile jengo la michirizi ya zege lililofunguliwa 1975, alilichora Beda Amuli, msanifu wetu mwenyewe, likaja kuungua Julai 2021. Nadhani humu ndani hamna ambaye hakuguswa na ule moto.

Lakini leo sikuja kuongelea majengo, nimekuja kuwaongelea watu waliokuwa wanaitwa kwa jina hilo kabla halijawa la mahali.

Kwa nini walihitajika wengi vile? Swali zuri, na jibu lake ni mbung'o. Farasi, nyumbu, ng'ombe, wote walikuwa wanaletwa na wanakufa ndani ya wiki chache kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yalikuwa machache na barabara hakuna, reli zilikuwepo mbili tatu, ile ya Mombasa hadi ziwani, ya Tanga, na ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka huo huo wa 1914. Ukishatoka kwenye reli umebaki na mtu. Risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, machela ya majeruhi, nyaya za simu, masanduku ya maofisa, vyote juu ya vichwa vya watu.

Sasa naomba tupige hesabu hapa pamoja maana mimi hesabu hii ndo iliyonifanya nisilale. Mpagazi anabeba kama kilo 25 hivi. Anakula walau kilo moja ya unga kwa siku, na hiyo ni kwa siku ambayo amepata. Sema jeshi liko mwendo wa siku kumi kutoka ghalani. Anakwenda siku kumi amekula kilo kumi, na kurudi siku kumi nyingine anahitaji kumi tena, kwa hiyo katika mzigo wote aliotoka nao askari aliyeko mbele anapata kilo tano tu. Ukisogea mwendo wa siku kumi na tatu mpagazi anakula mzigo wote na hafikishi kitu. Suluhisho lao likawa ni kuongeza wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi, na hao nao wanahitaji chakula, na ndivyo ilivyokuwa, kadiri von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivyokuwa anawavuta Waingereza kusini, Rufiji, Kibata, Mahiwa, mpaka ng'ambo ya Ruvuma kuingia Msumbiji, ndivyo watu wengi zaidi walivyokuwa wanakamatwa vijijini huku nyuma. Kwa Kenya sheria ya kuwachukua kwa nguvu ilishatoka 1915, na 1917 ukafanyika mkamato mkubwa kabisa, wilaya zikapewa idadi ya wanaume wa kutoa. Nasema mkamato na simaanishi kingine, machifu walipewa kazi ya kuleta watu na walileta.

Na waliuawa zaidi na tumbo kuliko risasi. Chukua mtu wa Buganda au mtu wa Kilimanjaro amekulia ndizi, mpe unga wa mahindi uliosagwa vibaya una mapumba, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa kwa mvua za 1917 ambazo bonde la Rufiji lilikuwa ni ziwa, ataula umeiva nusu. Kuhara damu. Juu yake malaria, juu yake kichomi, maana mtu wa milimani anashushwa pwani na mtu wa pwani anapandishwa milimani, blanketi moja, hana viatu. Ndo walivyokufa. Kadirio linalotajwa sana kwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni karibu laki moja, kati ya watu wanaokaribia milioni moja waliochukuliwa muda wote wa vita. Mnaujua uwanja wa Mkapa ukijaa siku ya dabi, elfu sitini? Ujaze wote, halafu nje wabaki wengine elfu arobaini.

Na hapo sijawagusa waliochukuliwa na Wajerumani, ambao wengi hata kuhesabiwa hawakuhesabiwa. Pale Ugogo majeshi yote mawili yalipita yakabeba nafaka na ng'ombe na vijana, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, na kabla haijaisha ikapita ile homa ya mafua ya 1918. Wakongo nao walibebeshwa na Wabelgiji mpaka Tabora ilipochukuliwa Septemba 1916. Malawi wao walikuwa na jina lao, tengatenga, na John Chilembwe, mchungaji wa huko, aliandika kupinga watu weusi kufia vita isiyowahusu, Januari 1915 akainuka dhidi ya Waingereza na Februari akauawa. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja, sisi tunaibeba kwa jina la Kariakoo na wenzetu kwa jina lingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka mtoke nalo hapa.

Mnapita Posta kila siku, pale kwenye sanamu ya askari. Iliwekwa 1927, kipindi kile kile na za Nairobi na Mombasa. Ya Nairobi kuna watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, ya kwetu aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Lakini chini pameandikwa, kwa Kiswahili pia, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na maneno ya mwisho yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watakumbuka jina lako. Nendeni mkasome wenyewe kesho. Halafu zungukeni sanamu yote mniletee jina hata moja la mpagazi. Hamna. Maofisa wa Kiingereza waliokufa kwenye vita hiyo hiyo kwa kawaida wana makaburi yao yenye jiwe na jina na tarehe.

Na msidhani ni kusahau. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, alipoulizwa kuhusu makaburi makubwa ya wapagazi, ya hapa Dar na kwingine, maoni yake yalikuwa yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Hili halisemwi na mimi, limo kwenye ripoti ambayo tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliitoa Aprili 2021, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni kwao. Sasa hebu fikirieni, mtu alikuwa na jina alilopewa na bibi yake, akaingia kambini akawa Kariakoo kama wenzake laki kadhaa, akafa, na makaburi yake yakaachiwa nyasi, kilichobaki hewani ni lile jina la wote. Mimi linaniuma sana hilo, siwezi kulisema kwa utulivu.

Inawezekana kurekebisha, sio ndoto. Januari 2025 pale Cape Town imezinduliwa kumbukumbu ya Waafrika weusi 1,772 wa vikosi vya vibarua waliokufa kwenye vita ile, na kila mmoja ana nguzo yake ya mbao yenye jina lake. Miaka zaidi ya mia moja imepita lakini wametafutwa kwenye makaratasi mpaka wamepatikana.

Kwa hiyo ombi langu kwa manispaa na kwa nyie wafanyabiashara wa Kariakoo mliopo humu, na mko wengi nawaona, ni kibao. Kibao kimoja tu mlangoni mwa soko, kwa Kiswahili, kinachosema jina hili ni la akina nani na walikufaje, na nafasi iachwe chini yake ya kuandika majina kadiri yanavyopatikana. Na wenzetu wa Unguja na Nairobi tuwaandikie wafanye hivyo hivyo, maneno yawe yale yale. Majina mengine yako kwenye makaratasi ya jeshi lakini mengine yako majumbani kwenu, kuna familia Songea, Kilwa, Singida bado zinamtaja babu aliyekwenda na wazungu na hakurudi. Mzee wangu pale umenyoosha mkono muda mrefu, naomba apewe maiki, na wengine wenye jina la mtu tafadhali pitieni kwa yule dada mwenye daftari mlangoni kabla hamjaondoka.