Kila Chungu na Kiu Yake

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga shughuli zetu binafsi. Nitaanzia dirishani kwangu, kwenye vyungu vitano vya viungo, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia.

Mwaka wa kwanza nilivimwagilia vyote kila asubuhi, kwa kipimo kimoja. Niliamini hiyo ndiyo nidhamu. Rozimari ikaanza kupukutisha majani, nikadhani ina kiu, nikaiongezea maji. Ikafa. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, imeoza. Kumbe rozimari hutaka udongo ukauke kwanza ndipo inyweshwe tena. Na mnanaa, jirani yake, ulikuwa umenawiri kwa maji yaleyale!

Daftari langu la kazi nalo nilikuwa nikiliendesha hivyohivyo: kila jambo, kila siku, kidogokidogo. Zipo kazi zinazopenda mwendo huo, mfano kujifunza lugha au kunyoosha viungo. Lakini uamuzi mzito ukiugusagusa kila asubuhi unaoza mikononi. Huo uache siku kadhaa, kisha uupe saa mbili nzima, mlango umefungwa. Siku hizi, kabla ya kumwagilia, natumbukiza kidole udongoni, sentimita 2 au 3 hivi. Juu panaweza kuwa pakavu na chini bado kuna unyevu. Kazi nazo nazipima kwanza. Ile ambayo nikiifungua sina jipya la kuiongezea, naifunga.

Mnanaa una tabia yake. Mashina yake hutambaa chini kwa chini, na ukiupanda sanduku moja na wenzake, muda si mrefu utawasonga. Kwangu mimi, mnanaa ni ujumbe wa simu na barua pepe. Siuchukii, nauhitaji. Ila naupa chungu chake peke yake: nusu saa adhuhuri, nusu saa jioni.

Na rihani, jamani, ndiyo iliyonifundisha kukata. Ukiiacha ichanue, majani hupungua na kuwa machungu. Ukikata ncha yake juu kidogo ya jozi ya majani, hapo huchipuka matawi mawili. Mara ya kwanza mkono wangu ulisita, maana mmea ulikuwa unapendeza. Zamani nilificha kila nilichokuwa nikikiandika mpaka kikamilike. Sasa sehemu moja ikiiva naitoa, watu wanaisoma, na maswali yao yananifungulia njia mbili nisizokuwa nimeziona.

Giligilani ina mzizi mkuu mmoja, mrefu, na haipendi kuhamishwa. Mbegu yake ipande pale itakapokaa. Kwa hiyo kazi niliyoihamisha mara tatu kutoka orodha hadi orodha, naipa siku na saa yake kwenye kalenda, au naing'oa. Jumamosi iliyopita niling'oa mbili. Moja ilikuwa na miaka miwili daftarini, na niliipenda sana.