Mashambani Ni Wapi, Hasa?

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, nami mnanijua, basi nianze na lile ninalolirudia kila mwaka hadi wenzangu wa idara ya unasihi, yaani ushauri nasaha, wananikwepa kwenye kantini.

Mashambani ni wapi? Muulize mwanafunzi wetu hapa Nairobi, atakwambia ushago, kule wanakoenda Desemba kuchinja mbuzi. Sensa ya 2019 iliwahesabu huko karibu Wakenya 7 kati ya 10, lakini kwa sensa makazi yakifika watu 2,000 tayari ni mjini. Fungua sheria ya miji ilivyorekebishwa mwaka huohuo: mji unaanzia watu 10,000. Basi soko lenye watu 5,000 ni mjini kwa sensa, si mji kwa sheria, na sisi tunampeleka mwanafunzi huko kujifunza unasihi kwa vitendo, kwenye fomu yake ya mazoezi tunatia alama "mashambani". Kwa kigezo gani?

Nilipoanza kazi hii nilipanga chumba karibu na zahanati niliyofanyia kazi. Pale zahanati malaria ilikuwa na mlango wake, kliniki ya watoto mlango wake, na wangu ulikuwa ule wenye pazia la kijani, mbele ya benchi moja la wote. Wiki ya pili akaingia mama mmoja, akalia saa nzima juu ya mumewe. Kesho yake alfajiri nani kaniletea maziwa? Yeye. Mumewe? Mtoto wa mwenye nyumba wangu. Jioni mama mwenye nyumba ananimiminia chai, ananiuliza taratibu, "Mwalimu, mke wa mwanangu alikuja kwako ana nini?" Mimi sijafungua kinywa, benchi lilishasema. Nikamjibu chai ni tamu sana.

Darasani nilifundishwa nisiwe na uhusiano mwingine wowote na mteja. Ningeitii kanuni hiyo ningekunywa turungi miaka miwili.

Naona mkono kule. Najua: hata Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, majirani wanajuana. Kweli kabisa. Lakini mtu wa Kibera akipata nauli hupanda matatu akashuke mtaa ambao hakuna anayemjua. Yule mama hakuwa na mlango mwingine. Hicho ndicho kigezo changu, wala si ng'ombe na mahindi. Kaunti ya Marsabit ina kilomita za mraba 70,000 na ushei, watu hawafiki nusu milioni; Kaunti ya Vihiga kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 1,000. Fomu yetu inaziita jina moja! Marsabit tatizo ni safari, Vihiga ni macho ya jirani, na mwanafunzi tunampa somo lilelile.

Nilitaka kusema pia kuhusu lugha, na unasihi wa kwenye simu ambayo nyumba nzima inaitumia. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Fomu iongezwe swali moja: mteja akiuogopa mlango huu, ataenda upi? Mnaotoka Januari kwenda mazoezini, mliokaa nyuma pale, msiondoke kabla hamjanionyesha fomu zenu.