Kipindi cha 41: Jina lililoniharibia ukweni

REHEMA: Haya, taa nyekundu imewaka. Karibuni. Mimi Rehema, yule pale Sele, na leo Sele amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

SELE: Macho yananiuma.

REHEMA: Ni aibu hiyo, siyo macho. Waambie watu Jumamosi ulikuwa wapi.

SELE: Tulikubaliana tunaanza na mafunzo. Nimeyaandika hapa. Kutengeneza bidhaa yako mwenyewe na kuipa jina, mafunzo... kadhaa.

REHEMA: Mangapi?

SELE: Kadhaa, Rehema.

REHEMA: (anacheka) Wasikilizaji, kuna namba fulani Sele kamwapia mkewe hataitamka mpaka Jumapili, atakapokwenda kwa wakwe kuomba radhi. Mimi sijaapa kitu. Anzia Havana, utatufikisha.

SELE: Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mdogo wangu, anasoma udaktari Cuba, hilo mnalijua. Sasa kule Havana, kwenye baadhi ya maduka ya siga, unamkuta msokotaji kakaa pembeni na meza yake. Wanamwita torcedor. Mbele yake ubao, kikopo cha gundi ya mimea, mafungu ya majani, na chaveta, kile kisu bapa chenye tumbo kama nusu mwezi. Basi. Ukitaka za boksi, zimejaa kabatini. Ukitaka yako peke yako, unavuta kiti mnaelewana.

REHEMA: Siga ndiyo biri?

SELE: Wazee wetu waliita biri karibu kila kilichosokotwa. Hii ninayosema mimi ni jani tupu. Ndani jani, nje jani, karatasi hakuna.

REHEMA: Na ndani yanaingia majani ya aina ngapi?

SELE: Kuna volado, hilo linasaidia moto. Kuna seco, lenye harufu. Halafu kuna ligero, la juu kabisa kwenye mmea, limepigwa jua vya kutosha, ndilo kali. Linawaka polepole, kwa hiyo linalazwa katikati.

REHEMA: Nimeuliza aina ngapi.

SELE: Mbili na moja.

REHEMA: (anapiga meza) Endelea, mwanahesabu.

SELE: Nikataka ndefu nyembamba, lancero. Milimita 192. Unene wanaupima kwa kuigawa inchi moja mafungu 64, na yangu ilikuwa 38, yaani kama milimita 15. Yule mzee akaguna. Nyembamba ina kazi, ukishindilia majani haivutiki, ukilegeza inawaka mbio. Siku ya kwanza akatia ligero kidogo sana. Tamu, lakini imelala. Siku ya pili akaongeza, nikatoka jasho, mdogo wangu akaniletea maji ya sukari. Siku iliyofuata—

REHEMA: Siku ya?

SELE: Iliyofuata. Akapunguza ligero na akabadilisha jani la nje, capa. Hapo ndipo nilipojifunza. Siga ikiwa nyembamba, ndani hamna nafasi, kwa hiyo jani la nje ndilo linaloongea. Capa wanalilima chini ya vitambaa, jua lisilipige moja kwa moja, ili liwe jembamba na laini. Nikavuta, nikanyamaza. Akajua. Akasokota 25, akazifunga utepe. Boksi hakuna, ule mkanda wa karatasi wenye nembo hakuna. Akauliza, inaitwaje?

REHEMA: Na wewe ukajiona mtu.

SELE: Nikampa jina lenye historia! Mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Congo. Wale Wacuba walipewa majina ya Kiswahili, namba. Víctor Dreke akawa Moja. Martínez Tamayo akawa Mbili. Na Che mwenyewe akawa...

REHEMA: Akawa nani?

SELE: Anajulikana.

REHEMA: Tatu! Che Guevara aliitwa Tatu!

SELE: Umesema wewe. Mkubwa wao alijificha nyuma ya wenzake wawili kwenye hesabu, asishtukiwe. Na walipotoka kule wameshindwa, alikuja hapa hapa Dar, akajifungia ubalozi wa Cuba akiandika. Sasa niambie. Siga ya Cuba, mvuta siga maarufu kuliko wote, jina la Kiswahili. Kuna jina zaidi ya hilo?

REHEMA: Jina zuri. Tabu yake, Tatu ni mtu pia.

SELE: Ndiyo Jumamosi sasa. Baba mkwe ni mteuzi wa tumbaku mstaafu, yule anayepanga majani kwa madaraja, kakaa Urambo miaka na miaka. Nikasema huyu ndiye wa kumpelekea. Sebule imejaa, shemeji zangu wote, na Bi Mkubwa, bibi yake mke wangu, kwenye kiti chake. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akauliza mkanda uko wapi, maana isiyo na mkanda mjini hapa ni feki. Nikamweleza. Akainusa. Akasema, "Hili jani halijapumzika."

REHEMA: Alikuwa na haki?

SELE: Haki kabisa. Siga mbichi inanuka amonia. Ama unaivuta siku zile zile imesokotwa, ama unaiweka miezi itulie. Mimi nimempelekea katikati.

REHEMA: Umempelekea mkweo harufu ya choo cha stendi.

SELE: Mzee kazoea tumbaku ya mvuke, inakaushwa kwenye bani kwa moto siku chache imekwisha. Hii ya Cuba inaning'inizwa ikauke kwa hewa, kisha inarundikwa ichachuke, inarundikwa tena. Tukawa tunaongea vizuri sana, kitaalamu. Halafu akauliza jina.

REHEMA: Ukasema.

SELE: Nikasimama kabisa. Nikasema, mzee, hii nimeipa jina mwenyewe, ukiivuta kichwani inapanda taratibu, inaitwa... vile. Sebule kimya. Shemeji mdogo akatoka nje. Baba mkwe akaniambia, "Unataka nimvute mama yangu?"

REHEMA: (anacheka kwa muda mrefu)

SELE: Miaka sita nimeoa! Kila mtu anamwita Bi Mkubwa! Mimi nitajuaje anaitwa vile?

REHEMA: Anaitwa Tatu.

SELE: Usinitajie mkwe wangu hewani.

REHEMA: Na ukasema inapanda kichwani taratibu.

SELE: Tuingie kwenye mafunzo.

REHEMA: Hatuingii. Mimi nina swali lililonikaa toka uliponisimulia. Nani alikwambia ile siga ni yako kuipa jina?

SELE: Nimeibuni mimi. Umbo langu, ukali wangu, siku zangu nzima nimekaa pale.

REHEMA: Ulichofanya ni kusema "punguza kidogo, ongeza kidogo". Hata mimi namwambia hivyo muuza chai. Yule mzee ndiye aliyejua jani gani lipunguzwe.

SELE: Mpelekee fundi cherehani kitambaa, mweleze mshono. Gauni la nani?

REHEMA: La kwangu kulivaa. Lakini nikiulizwa, nasema kashona fulani wa Kariakoo. Wewe ukweni ulimtaja msokotaji?

SELE: Jina lake silijui.

REHEMA: Ndiyo hapo! Siku zote hizo, jina la Che unalijua la Congo, la mzee wa mezani hulijui.

SELE: Hebu ngoja. Cohiba, ile siga maarufu ya Cuba, ilianzaje? Mlinzi wa Fidel Castro alikuwa anavuta siga za kusokotewa na Eduardo Rivera, hazina jina wala nini. Fidel akaonja, akazitaka. Mwaka 1966 ikawa chapa kamili, ikapewa kiwanda chake, El Laguito. Zamani zilikuwa za viongozi na zawadi za serikali, mwaka 1982 ndipo zikaanza kuuzwa kwa watu. Bila mvutaji kuzitaka, hakuna Cohiba.

REHEMA: Na jina wakachukua neno la Wataíno, wenyeji wa kisiwa. La Rivera liko wapi kwenye mkanda?

SELE: Hakuna chapa inayoandika fundi.

REHEMA: Kwa hiyo kosa likizoeleka linakuwa haki? Hebu angalia Montecristo, siga nyingine ya Cuba, 1935. Kule viwandani wasokotaji wanasomewa kwa sauti wakiwa kazini, magazeti, riwaya, tangu 1865 kuna msomaji kwenye kiti chake. Jina lile wanasema lilitoka kwenye riwaya iliyopendwa na wasokotaji wenyewe. Masikio yao, mikono yao. Wewe ulikuja na jina mfukoni.

SELE: Lakini mkanda ulibandikwa na mwenye kiwanda, siyo msokotaji! Umenisaidia mimi hapo. Pilau ya shughuli, Rehema. Mchele wangu, nyama yangu, nimesema hiliki zaidi. Shughuli ya nani?

REHEMA: Shughuli yako. Pilau ya mpishi. Watu wakitoka pale wanauliza kapika nani, hawaulizi kanunua nani.

SELE: Wanauliza shughuli ilikuwa kwa nani.

REHEMA: Watu wa kwenu labda.

SELE: Basi tuseme yule mzee angeipa jina yeye. Mimi nisingelitumia.

REHEMA: Na Bi Mkubwa angelala salama.

SELE: Sikubali.

REHEMA: Hata mimi sikubali. Na ile Cohiba, nasikia majani yake mawili yanachachushwa zaidi ya ya siga nyingine. Mara ya ngapi ile?

SELE: Mara moja baada ya ya pili.

REHEMA: Hee, hukamatiki.

SELE: Juma wa mitambo ananionyesha vidole, dakika zimebaki... anaonyesha vidole.

REHEMA: Vingapi, Sele?

SELE: Mnaviona wenyewe.

REHEMA: Hawavioni, hii ni sauti. Haya, jina jipya umepata?

SELE: Mke wangu kasema niziache bila jina.

REHEMA: Na Bi Mkubwa mwenyewe kasemaje? Maana mnamwombea radhi, hamjamuuliza.

SELE: (kimya) Jana kanipigia. Anataka kujua zimebaki ngapi.

REHEMA: Avute?!

SELE: Azione. Anasema hajawahi kupewa jina la kitu. Lakini baba mkwe asijue.

REHEMA: Baba mkwe anatusikiliza, Sele.

SELE: ...Juma, hii sehemu utakata.

REHEMA: Hakati. Na mafunzo yetu?

SELE: Wiki ijayo. Karatasi ninayo.

REHEMA: Toka kipindi cha 38 unayo. Niletee nione. La kwanza, "mjue mteja". La pili, "jaribu kabla ya kuuza". Hili la mwisho hapa limeandikwa la ngapi?

SELE: Kwa herini, wasikilizaji.