Macho Yamefumbwa, Mwili Unaona

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nani hapa jana alilala taa ikiwaka? Naona mikono. Nyumba zetu nyingi ndivyo zilivyo: chumba kimoja, mmoja anapiga pasi, mwingine anasoma, na mtoto kalala hapohapo chini ya tyubu.

Tunadhani ukishafumba macho, mambo ya mwanga yamekwisha. Sivyo. Ukope ni mwembamba, na mwanga unapita. Nyuma ya jicho zipo seli chache ambazo kazi yake kubwa si kutambua sura za watu, bali kupima mwanga na kuuarifu ubongo: kumekucha, au kumekuchwa. Zilielezwa wazi mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tulimaliza shule bila kuzisikia. Mwanga wa buluu, kama wa simu na wa taa nyeupe za LED, ndio unaoziamsha zaidi. Ukikaa kwenye mwanga huo hadi saa tano usiku, ubongo unachelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia.

Mwaka 2022 watafiti wa Northwestern University, Chicago, walichukua vijana 20 wenye afya. Baadhi yao walilazwa usiku mmoja kwenye mwanga wa kiasi, lukisi 100 tu (lukisi ni kipimo cha mwanga). Usingizi waliupata. Lakini mioyo yao ilipiga haraka zaidi usiku ule, na asubuhi miili yao iliitikia kwa shida insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ni watu wachache, na ni usiku mmoja. Hata hivyo mimi, mwenye ndugu wa damu wanaougua kisukari, siwezi kulipuuza jambo hilo.

Mama anayenyonyesha atauliza: nitamwonaje mtoto? Weka taa ndogo ya rangi ya chungwa, chini karibu na sakafu, isimpige usoni. Koroboi hapana, chandarua kitashika moto. Mtoto anayeogopa giza, mwachie mlango wazi kidogo, taa iwake koridoni.

Kwangu mimi tatizo lilikuwa taa ya ulinzi ya jirani, iliyomulika moja kwa moja kitandani. Nilitundika kitenge dirishani, joto likatushinda. Mwishowe nikaenda kumpigia hodi, nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Akachukua stuli, akapanda mwenyewe, akaiinamisha taa. Sasa inamulika geti lake, na sisi tunalala dirisha wazi.