Mkavu wa Macho

Asanteni sana, walimu wangu na wanafunzi wa uuguzi. Kabla sijaanza, naomba kijana aliye karibu na swichi anizimie hilo pangaboi la juu yangu. Najua joto la Tanga lilivyo, mtanisamehe. Na mkiniona nimekatisha maneno nikaangalia dari, natia dawa tu, msishtuke.

Kwetu huku ukimwita mtu mkavu wa macho umemtukana. Hana haya, ndiyo maana yake. Mimi nimeitwa hivyo msibani kwa mama yangu mzazi. Wanawake wamejaa mkekani, kila mmoja na leso usoni, mimi nimo katikati yao, kifua kinataka kupasuka na jichoni hakuna kitu. Nikasikia nyuma yangu: "Mtoto wa kumzaa, hata chozi!" Sikujibu. Ningeanzia wapi?

Ningeanzia mwaka 2004. Klorokwini tumeshaiacha tangu 2001, dawa mseto bado haijafika, ukiugua malaria unapewa SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Vidonge vitatu kwa mpigo, dozi imekwisha. Watu waliipendea hilo. Lakini dawa ya siku tatu, mwili ukiikataa, unaiacha njiani. Hii ukishaimeza umeshaimeza, na salfa iliyomo inakaa kwenye damu kwa wiki kadhaa. Nami nikaimeza. Siku ya kumi hivi ikaja homa, koo likauma, macho yakawa mekundu. Nikasema malaria haijatoka. Baada ya siku mbili midomo ikachubuka, na ngozi ya mgongo ikawa inabaki kwenye shuka.

Hapo hapo niseme: msitoke humu mkawatisha wajawazito wasimeze SP kliniki. Ugonjwa wangu, unaoitwa Stevens-Johnson, huwapata watu wachache katika kila milioni kwa mwaka, na dawa zinazouleta ni nyingi: za salfa, za kifafa, nevirapini ya VVU, hata alopurinoli ya jongo. SP imelinda mimba nyingi kuliko mtakavyoweza kuhesabu.

Nililazwa, nikaokolewa. Ngozi waliiuguza kama ya mtu aliyeungua moto, chakula kikapita kwenye mrija. Sina kinyongo na walionirudishia roho. Ila macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, na jicho lililofumba nani analitazama? Wiki tatu. Yalipokuja kufunguka, kope ya chini ilikuwa imeshagandana na weupe wa jicho.

Hili ndilo lililonileta. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, walipoandika habari za watoto wawili wenye ugonjwa huu, ugonjwa wa macho waliutaja kwenye kichwa cha habari chenyewe. Kwenye kichwa! Na bado wodini macho yanakuwa ya mwisho. Mgonjwa wa namna hii aonwe na daktari wa macho siku anayolazwa, hata kama hali yake ni ya kufa na kupona. Macho yasafishwe, yalainishwe kila siku, kope ziangaliwe zisishikane. Penye uwezo hufunikwa kwa utando wa kondo la nyuma, na hiyo ni kazi ya siku za mwanzo. Kovu likishakaa, mtakuwa mnahangaika nalo maisha yote.

Sasa mtaniuliza, kukauka tu? Chozi si maji matupu. Juu kuna mafuta yanayotoka kwenye ukingo wa kope, katikati maji, chini ute unaoyashikisha maji kwenye jicho. Wengi wenye macho makavu hupungukiwa na kimojawapo. Mimi vyote vitatu viliungua. Pasipo ute, hata ukinimwagia ndoo nzima yatateleza kama maji juu ya jani la mgimbi. Halafu ukingo wa kope wenyewe umekuwa msasa, na nywele zake zimegeukia ndani. Mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Fanyeni hesabu ya siku nzima mkipata nafasi.

Samahani kidogo.

Haya. Mmeona kichupa hiki kidogo? Ni cha kutumia siku moja na kutupa. Zile chupa kubwa zina kemikali ya kuzuia dawa isiharibike. Kwa anayetia mara mbili kwa siku haina neno, lakini mimi upepo wa kaskazi ukivuma natia kila dakika 20, na kemikali hiyo hiyo inakula jicho. Usiku napaka mafuta mazito. Ninayo pia matone yanayotengenezwa kwa damu yangu mwenyewe: inachukuliwa, majimaji yake yanatengwa na kuchanganywa na maji ya chumvi, yanagandishwa. Umeme ukikatika usiku, watu wanatafuta tochi, mimi natafuta friji. Na huku ndani ya kope nina kipande cha mdomo wangu, nilipandikizwa India. Mume wangu husema nikikonyeza ni kama nimembusu.

Mwisho ni fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa. Jalada langu nimelisoma mwenyewe, nimelishikia karibu na pua. Limeandikwa "mzio". Mzio wa nini, hakuna. Fomu haikujazwa. Miaka sita baadaye nikaenda na kikohozi, nikaandikiwa kotrimoksazoli, salfa ya ukoo uleule. Aliyenishika mkono ni mdogo wangu, alikuwa anasoma karatasi ya ndani ya boksi kwa kukosa la kufanya.

Tangu siku hiyo natembea na kadi hii. Nimeiandika kwa makapeni, SALFA HAPANA, na jina la ugonjwa chini yake. Ipitisheni muione, ila irudi. Ninayo hiyo moja tu.