Albumini Iliyoshuka Haipandishwi kwa Supu Peke Yake

Ndugu zangu wauguzi na wanafunzi, nianze na jambo mnalolisikia wodini. Majibu ya mgonjwa wa saratani ya mapafu yanarudi: albumini gramu 29 kwa lita. Ndugu zake wanaambiwa, "Mlisheni, protini imepungua." Wanahangaika na supu na mayai, kipimo kinabaki palepale, na lawama zinamwangukia mkewe anayempikia.

Anaonewa. Albumini hutengenezwa na ini, na mtu mwenye afya huwa nayo gramu 35 hadi 50. Saratani inapouchokoza mwili, chembe za kinga humwaga intalukini-6, protini ya kupeleka ujumbe. Ini likiupata ujumbe huo hupunguza albumini na kugeukia protini za dharura, kama fibrinojeni na CRP. Albumini nyingine huvuja nje ya mishipa. Chakula anakihitaji, tena sana, ila uchokozi usipopungua ini halirudi kwenye kazi yake ya kila siku.

CRP yenyewe iligunduliwa na Tillett na Francis, New York, mwaka 1930, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mwaka 2003 watafiti wa Glasgow waliipanga pamoja na albumini kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyofaa upasuaji: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, alama moja, albumini ikiwa chini ya 35, alama nyingine. Hesabu ya darasa la kwanza, lakini wenye alama mbili ndio waliofariki mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye kemo. CRP hupungua nusu kwa saa 19 hivi. Albumini huchukua takribani siku 20, na mzunguko wa sisiplatini, mojawapo ya dawa za kemo, mara nyingi ni siku 21. Dawa ikishika, CRP hutangulia kushuka, albumini hupanda baadaye sana. Anayeitazama albumini kabla ya dripu ya pili akasema dawa imeshindwa, ana haraka mno.

Halafu kuna siku ya 7 hadi ya 14, chembe nyeupe zinaposhuka. CRP ikiruka hapo, msikimbilie kusema saratani imekua. Pimeni joto, tafuteni maambukizi, daktari aitwe usiku huohuo.

Na kwa saratani ya mapafu ya chembe ndogo tunapima NSE, kimeng'enya ambacho chembe za saratani hiyo humwaga kwenye damu. Chembe nyekundu nazo zinayo, zikipasuka ndani ya chupa kipimo kinapanda bure. Seramu ikitoka na rangi ya waridi, toeni damu upya.