Stamppot ya Andijvie kwa Jibini la Gouda Lililokomaa

Karibuni, watazamaji wapenzi, jikoni kwangu hapa Leiden, Uholanzi. Leo tunapika stamppot ya andijvie, chakula cha nyumbani ambacho Waholanzi hukila sana siku za baridi: viazi vilivyopondwa, mboga mbichi ya andijvie iliyokatwa nyembamba, na vipande vya jibini. Nyumba nyingi za huku huongeza nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Mimi siiweki, kwa kuwa jibini lenye umri unaofaa hushika nafasi ya nyama bila taabu yoyote, na kwa kuwa biashara yangu sokoni ni kuuza jibini, mtanivumilia nikilizungumzia kwa kirefu kuliko viazi.

Kwa watu wanne, tayarisheni kilo 1 ya viazi, gramu 400 za andijvie, gramu 200 za jibini, mililita 150 za maziwa, gramu 50 za siagi, kijiko kimoja cha haradali, pilipili manga na kungumanga. Viazi viwe vya aina inayovurugika vikiiva, kwa sababu vile vigumu vya saladi hunata vikipondwa. Vimenyeni, vikateni, vichemsheni katika maji yenye chumvi kidogo kwa dakika 20. Hapo sina la kuongeza.

Viazi vikiwa jikoni, tuje kwenye jibini. Nimeweka vipande viwili vya Gouda juu ya ubao. Hiki cha kushoto, cheupe na laini, kina umri wa takriban wiki 4, nacho huitwa jong. Hiki cha kulia, chenye rangi ya kahawia ya mbali, kimekaa ghalani takriban miezi 10, nacho huitwa oud. Katikati yake mtakutana na belegen, la takriban miezi 4. Nambari 48+ mnayoiona kwenye lebo haina uhusiano na umri: inaeleza kwamba, maji yakiondolewa, angalau asilimia 48 ya kinachobaki ni mafuta.

Tazameni kwa karibu kipande cha kulia; nakisogeza kwenye kamera. Vile vidoa vyeupe vinavyong'aa si chumvi wala si ukungu. Ni chembe za tairosini, zinazojitokeza protini ya maziwa inapovunjika kadiri jibini linavyokomaa, na ndizo zinazolia chini ya jino mtu anapotafuna. Mteja anayenirudishia jibini kwa sababu ya vidoa hivyo mimi hulipokea kwa furaha na kulila mwenyewe.

Kwa chakula hiki tumieni oud, au angalau belegen. Ondoeni kwanza ganda la nje, kwani ile tabaka ya njano inayong'aa kwa kawaida ni plastiki ya kulinda jibini na hailiwi, kisha kateni vipande vya mraba vya sentimita 1. Wekeni kando kile kisu bapa chenye mwanya katikati kinachoitwa kaasschaaf. Kinafaa sana kwa jibini changa la kuweka kwenye mkate, lakini jibini lililokomaa hupasuka na kumeguka mbele yake. Hapa kisu kizito cha kawaida ndicho kinachotakiwa.

Sasa ni zamu ya andijvie, mboga ya majani yenye uchungu kiasi. Ioshe vizuri, kwa kuwa mchanga hupenda kujificha kwenye mashina, ikaushe, kisha uikate nyembamba kadiri uwezavyo. Nasema ikaushe. Maji yanayobaki kwenye majani yataingia kwenye viazi, na viazi vikishalowa hakuna siagi wala jibini litakaloviokoa.

Naam, kamera imenishika: mnaona maji yaliyotuama chini ya bakuli hili? Majani haya hayajakauka. Tusimame kidogo niyafunge ndani ya kitambaa safi na kuyakung'uta juu ya sinki. Hivi. Na tena mara moja. Sasa ni makavu.

Viazi vimeiva. Mwageni maji yote, rudisheni sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika moja ili mvuke uliobaki utoke, kisha ongezeni siagi na maziwa ya moto, mponde. Samahani, mvuke umefunika lenzi, nimeshaifuta. Tieni haradali, pilipili manga na kungumanga iliyokwanguliwa papo hapo. Chumvi isubiri, kwa sababu jibini linayo ya kutosha.

Sikilizeni kwa makini: zimeni jiko. Kabla ya jani la kwanza kuingia, sufuria iwe imeshaondolewa kwenye moto. Changanyeni andijvie kwa mafungu matatu au manne, na joto la viazi pekee litailegeza huku ikibaki na ukakamavu wake. Jibini huingia mwisho kabisa, dakika moja kabla ya kupakua. Narudia: jiko liwe limezimwa, na jibini liwe la mwisho. Likiingia mapema, jibini changa litavutika nyuzi na kupotea ndani ya viazi, na lile lililokomaa litaachia mafuta yake na kubaki chembechembe kavu. Tunachokitaka ni kipande kilicholainika pembeni huku moyo wake ukiwa bado mgumu. Geuzeni kwa mwiko mara chache tu, kisha muache. Jiko limezimwa? Vizuri.

Mchuzi ni kazi ndogo: kaangeni kitunguu kwa siagi hadi kigeuke rangi ya kahawia, ongezeni maji kidogo na kijiko kimoja cha ketjap, ile sosi nyeusi tamu ya soya iliyoingia jikoni mwa Waholanzi kutoka Indonesia. Mkishapakua, bonyezeni shimo katikati ya chakula kwa mgongo wa kijiko na mjaze mchuzi humo. Wapo wanaobomoa ukingo mara moja. Mimi hula nikizunguka pembeni ili shimo lidumu.

Anayetaka ladha nyingine atumie jibini la Leiden lenye bizari ya pilau, ambalo ni kavu zaidi na linakubaliana sana na viazi. Kwa watazamaji wa Unguja na Pemba, lipo pia jibini la Friesland linalotiwa karafuu. Hilo, kwa maoni yangu, liliwe peke yake pamoja na mkate, kwa sababu karafuu humeza ladha ya andijvie.

Jibini litakalobaki lifungeni kwa karatasi yenye nta, si kwa plastiki ya kubana inayolifanya litoke jasho, na kila mnapotaka kulila litoeni kwenye friji saa moja kabla. Stamppot iliyobaki ifinyangeni kesho yake iwe vibonge bapa, mvikaange kwa siagi hadi jibini la ndani litokeze pembeni na kukauka kwenye kikaango.